Nyuzi Thelathini Mashariki: Historia ya Mstari Uliotangulia Vipimo Vyake katika Maziwa Makuu, 1885–2004

1.0 Mstari na Nchi Unazopita

Mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki ya Greenwich huanzia Ncha ya Kaskazini, huvuka Bahari ya Barents, hugusa Norwei na Finland, kisha huteremka katika nchi tambarare za Ulaya ya mashariki, magharibi kidogo mwa Saint Petersburg na magharibi mwa Kyiv, hadi Bahari Nyeusi. Baada ya Uturuki na Mediterania huingia Afrika karibu na Aleksandria. Kutoka hapo hupita jangwa la Misri na Sudan, Sudan Kusini, kaskazini mashariki mwa Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi. Huingia Tanzania katika mkoa wa Kigoma, si mbali na Kasulu. Huvuka Ziwa Tanganyika, hugusa tena ardhi ya Kongo, na kuendelea Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kusini mwa hapo hapana nchi tena isipokuwa Bahari ya Hindi hadi barafu ya Antaktika.

Katika sehemu kubwa ya safari hiyo mstari huu ni mali ya wanajiografia na mabaharia. Hakuna raia wa Aleksandria aliyepata kuulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa nyuzi 30. Katika nchi zilizo kati ya safu ya Ruwenzori na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, hali imekuwa tofauti. Huko mstari huu ulitangazwa kuwa mpaka wa dola mwaka 1885, ukabishaniwa na madola matatu kwa miaka ishirini na mitano, ukaachwa mwaka 1910, na hata hivyo ukarudi kwa mlango wa nyuma katika sheria ya uraia ya mwaka 1981.

Wanahistoria wa mipaka ya eneo hili, hasa Wm. Roger Louis (1963) katika kitabu chake juu ya Ruanda-Urundi na A. C. McEwen (1971) katika kazi yake juu ya mipaka ya Afrika Mashariki, wameufuatilia mjadala huo kupitia nyaraka za kidiplomasia, na wameufuatilia vizuri. Insha hii inauangalia mstari wenyewe kama kitu cha kupimwa. Hoja yake ni kwamba nguvu ya nyuzi 30 juu ya watu wa Maziwa Makuu haikutokana na usahihi wake. Ilitokana na kuandikwa kwake wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyeweza kusimama mahali fulani na kusema: hapa ndipo unapopita.

2.0 Saa Iliyobebwa na Wapagazi

Latitudo na longitudo huchorwa pamoja kwenye ramani, lakini hazipatikani kwa kazi ileile. Msafiri wa karne ya kumi na tisa aliweza kujua latitudo yake kwa kupima kimo cha jua la adhuhuri au cha nyota, bila kumtegemea mtu aliye mbali. Longitudo ni suala la saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, hivyo nyuzi 30 ni tofauti ya saa mbili kamili kati ya Greenwich na mahali alipo mpimaji. Ili kuijua tofauti hiyo, mpimaji alihitaji kujua saa ya hapo alipo, ambayo angani ipo, na saa ya Greenwich wakati huohuo, ambayo angani haipo. Hiyo ya pili ilimlazimu kuibeba, au kuikokotoa kwa kutazama mwendo wa mwezi, kazi ngumu yenye makosa mengi.

Saa za safari zilibebwa na wapagazi kwa miezi kadhaa kutoka pwani. Zilipanda na kushuka vilima, zikapata mvua na joto, na kila moja ikawa na mwendo wake. Saa iliyokosea dakika moja ilimpoteza mpimaji robo ya uzi, yaani karibu kilomita 28 kwenye Ikweta. Ramani zilizokuwa mezani Berlin na Brussels zilikuwa na makosa ya namna hiyo, na waliozitumia walijua.

Mwezi Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington kuamua mstari wa sifuri wa dunia nzima uwe wapi. Mataifa 22 yaliichagua Greenwich. Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Liberia ndiyo nchi pekee ya Afrika ya weusi iliyokuwa na mjumbe. Katikati ya Novemba mwaka uleule ukafunguliwa Mkutano wa Berlin. Mikutano hii miwili huandikiwa sura tofauti katika vitabu vya historia, mmoja katika historia ya sayansi na mwingine katika historia ya ukoloni, lakini bila wa kwanza tamko linalojadiliwa hapa chini lingeandikwa kwa namna nyingine. Inafaa kutambua kwamba Mfalme Leopold II, ambaye Kifaransa kilikuwa lugha ya dola yake, aliipima nchi yake kutoka Greenwich, ilhali Wafaransa wenyewe waliendelea kutumia Paris hadi mwaka 1911.

3.0 Tamko la Agosti 1885

Tarehe 1 Agosti 1885 Leopold aliyaarifu madola kwamba Dola Huru ya Kongo haitafungamana na upande wowote, na akaitaja mipaka yake. Upande wa mashariki mpaka ulifuata nyuzi 30 kutoka latitudo ya nyuzi 4 kaskazini hadi nyuzi 1 na dakika 20 kusini. Kutoka hapo ulichorwa mstari mnyoofu hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kisha ukafuata katikati ya ziwa.

Kona hiyo ya nyuzi 1 na dakika 20, ikitafutwa kwa vifaa vya leo, iko takriban kilomita kumi kusini mwa mji wa Kabale. Mstari mnyoofu unaoondoka hapo kwenda Tanganyika hupita ndani ya Rwanda na kuiacha sehemu kubwa ya magharibi ya nchi hiyo, pamoja na Ziwa Kivu lote, upande wa Kongo. Siku tamko lilipotiwa saini Dola Huru haikuwa na kituo hata kimoja katika nchi hizo. Mtawala mwenye jeshi pande zote mbili za mstari alikuwa Kigeri IV Rwabugiri, ambaye majeshi yake yalikwishavuka Ziwa Kivu. Mzungu wa kwanza kulifikia ziwa hilo, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Kwa miaka tisa, basi, nchi ile ilikuwa ya Leopold kwa maandishi kabla ya yeyote katika serikali yake kuiona.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliongeza utata. Mpaka wa madola hayo magharibi mwa Ziwa Victoria uliwekwa kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini hadi utakapokutana na Kongo, ila Mlima Mfumbiro, ukionekana kuwa kusini mwa mstari huo, ungebaki kwa Waingereza. Speke alikuwa ameuona kwa mbali kutoka Karagwe mwaka 1861. Ilipokuja kujulikana kwamba Mfumbiro si mlima mmoja bali ni safu ya volkano zinazoitwa Virunga, ilijulikana pia kwamba safu hiyo iko magharibi mwa nyuzi 30, katika eneo ambalo tamko la 1885 lililipa Kongo. Uingereza na Ujerumani ziligawana kitu ambacho kwa karatasi nyingine kilikuwa na mwenyewe.

Hata hivyo mstari uliendelea kuandikwa. Mkataba wa Uingereza na Kongo wa tarehe 12 Mei 1894 uliurudia: mpaka ufuate nyuzi 30 kwenda kaskazini hadi unapokutana na mgawanyo wa maji kati ya Nile na Kongo. Mkataba huohuo ulimkodisha Leopold nchi za magharibi mwa Nile kwa masharti mawili tofauti, na kilichotenganisha masharti hayo kilikuwa nyuzi 30. Magharibi mwa mstari, ukodishaji ungedumu kwa warithi wake. Mashariki mwake ungekoma pamoja na utawala wake mwenyewe. Baada ya Ufaransa kumlazimisha kurudi nyuma mwezi Agosti mwaka huohuo, kilichobaki mikononi mwake kaskazini kilikuwa Eneo la Lado, lenye nyuzi 30 kwa mpaka wa magharibi. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, ambako iliitwa West Nile. Watu wa huko walibadilishiwa serikali kwa sababu mzee mmoja alikufa Ubelgiji. Katika miezi ya mpito wawindaji wa pembe za ndovu walifurika humo, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuongoza Marekani, alikuwa akiwinda vifaru weupe.

4.0 Katwe, Mboga na Mfumbiro

Mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya kutokujua mstari ulipo ni Katwe. Bwawa la chumvi la Katwe, kando ya Ziwa Edward, lilikuwa miongoni mwa hazina kubwa za eneo lote. Wafalme wa Bunyoro na Toro waliligombania, na chumvi yake ilisafiri mbali. Mwaka 1891 Lugard alijenga karibu nalo ngome aliyoiita Fort George. Katwe iko takriban kilomita 13 magharibi mwa nyuzi 30. Kwa mkataba wa 1894, ukisomwa kwa uaminifu, ngome ya Waingereza na bwawa lake vilisimama katika ardhi ya Kongo, na Ziwa Edward lote vilevile. Saa iliyokosea nusu dakika tu ingetosha kulihamisha bwawa hilo kutoka dola moja hadi nyingine.

Tume ya pamoja ya wapimaji wa Uganda na Kongo ilifanya kazi mwaka 1907 na 1908, upande wa Waingereza ukiongozwa na Bright. Ndipo mstari ulipoanza kuwa na mahali. Lakini kujulikana kwake hakukuleta utulivu. Kila upande sasa ulijua ungepoteza nini iwapo neno la mkataba lingefuatwa. Mwezi Juni 1909 Waingereza walimtuma Coote na kikosi kuingia nchi ya Kigezi na Bufumbira kwa madai ya Mfumbiro. Wabelgiji chini ya Olsen wakajikusanya kumzuia. Vita havikuzuka, na suala likapelekwa Brussels, ambako wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikaa kuanzia Februari hadi Mei 1910.

Itifaki ya tarehe 14 Mei 1910 iliiacha nyuzi 30 kabisa kati ya Virunga na Ziwa Albert. Mahali pake pakawekwa kilele cha Sabinyo, ambapo Uganda, Rwanda na Kongo hukutana hadi leo, Mto Ishasha, mstari wa kukata Ziwa Edward, kilele cha Margherita katika Ruwenzori, Mto Lamia, Mto Semliki na katikati ya Ziwa Albert. Uingereza ilipata Katwe na sehemu ya Ziwa Edward. Kongo ikapata ukingo wa magharibi wa Ziwa Albert. Upande wa Wajerumani, mpaka ulisogea hadi Ziwa Kivu na Mto Rusizi, na Kisiwa cha Ijwi kikaenda Kongo. Mpaka wa Uganda na Kongo ulithibitishwa kwa mkataba wa Februari 1915.

Imezoeleka kuandika kwamba suluhisho hilo lilikuwa afadhali kwa sababu lilifuata maumbile. Tathmini hiyo inahitaji kupunguzwa makali. Mto na mlima hurahisisha kazi ya askari wa doria na ya mchora ramani. Kwa wanaokaa kandokando, mto ndio kisima na mlima ndio shamba. Ruwenzori iliwagawa Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo, ambao lugha zao ni karibu moja. Wasemaji wa Kinyarwanda wa kaskazini mwa Virunga walijikuta katika nchi tatu: Bufumbira Uganda, Jomba na Bwisha Kongo, na ndugu zao katika Rwanda ya Mfalme Musinga, ambaye hakuwa na mjumbe Brussels. Mboga, ng'ambo ya Semliki, ilikuwa ikihesabiwa na Toro. Ndiko alikokwenda mwinjilisti Mganda Apolo Kivebulaya mwaka 1896. Baada ya mpaka kusogezwa, kanisa alilolianzisha likawa ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Alirudi huko, akafariki huko mwaka 1933, na amezikwa huko.

Mstari mnyoofu ungewagawa watu wengine. Nusu ya Wanyarwanda wangekuwa raia wa Leopold, jambo ambalo si dogo kwa anayejua historia ya mpira wa Kongo. Kwa hiyo hapana sababu ya kuusikitikia. Kinachopaswa kukataliwa ni wazo kwamba kati ya mstari na mto kulikuwa na chaguo la haki.

5.0 Wapimaji Wanaobaki

Wakati wanadiplomasia wakiuacha mstari, wanasayansi walikuwa ndio kwanza wanautaka. David Gill, mnajimu wa serikali ya Uingereza huko Cape tangu 1879, alipendekeza mnyororo wa pembetatu za vipimo kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata takriban nyuzi 30, ili ujulikane umbo la kweli la dunia na ili nchi zote za njiani ziwe na ramani zenye msingi mmoja. Alitumaini kuuunganisha na mnyororo wa Struve, uliopimwa kati ya 1816 na 1855 kutoka Norwei hadi karibu na Bahari Nyeusi. Sehemu ya Rhodesia ya Kusini ilipimwa na Simms kuanzia 1897, ya Kaskazini na Rubin kati ya 1903 na 1906. Mwaka 1908 na 1909, katika miezi ileile ya mzozo wa Mfumbiro, Jack na McCaw walipima sehemu ya Uganda. Gill alifariki Januari 1914 bila kuuona ukikamilika.

Magharibi mwa Tanganyika kazi ilisubiri hadi 1931, Martin Hotine alipoanza kupima. Pengo la mwisho, upande wa Sudan, lilizibwa na wapimaji wa jeshi la Marekani mwaka 1954. Juu ya msingi huo zilijengwa mifumo ya vipimo inayojulikana kama Arc 1950, iliyotumika kusini, na Arc 1960, iliyotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Mpimaji aliyefungua ramani ya 1:50,000 ya wilaya ya Tanzania katika miongo iliyofuata, ili agawe viwanja au kuamua ugomvi wa shamba, alikuwa akitumia matunda ya mnyororo huo, pengine bila kulijua jina la Gill. Hapa nyuzi 30 ilipata kazi yenye manufaa, na iliipata baada ya kuvuliwa umpaka.

6.0 Tarehe 1 Agosti katika Sheria ya Uraia

Sheria ya Zaire Na. 72-002 ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria Na. 81-002 ya tarehe 29 Juni 1981 ililiondoa hilo. Uraia wa asili sasa ulikuwa wa mtu ambaye mmoja wa wazazi wake wa kale alitoka katika kabila lililokaa ndani ya Zaire kwa mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, kama ilivyorekebishwa na mikataba iliyofuata.

Tarehe hiyo huchukuliwa kwa kawaida kama siku ya kuzaliwa kwa dola, na hivyo kama kipimo kisicho na upande. Ni tarehe ya tamko lililochora nyuzi 30. Mtu wa Bwisha aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ukoo wake ulikuwa ndani ya mipaka ya siku hiyo alikuwa akitakiwa kuthibitisha mahali pake kuhusiana na mstari ambao wakati ule haukuwa na alama, haukuwa na mpimaji, na ambao wenyeji hawakuwa wamewahi kuusikia. Kwa mstari wenyewe, bila nyongeza, hata mkazi wa Kibuye, magharibi mwa Rwanda, angekuwa ndani. Maneno juu ya mikataba iliyofuata yalimtoa yeye, lakini hayakumsaidia yule wa Bwisha, kwani mzigo wa ushahidi ulibaki kwenye mwaka ambao nchi yake haikuwa na daftari la aina yoyote. Suala la nani alitawala wapi mwaka huo lina ubishi wake katika utafiti. Kazi ya David Newbury (1991) juu ya Ijwi inaonyesha jinsi mamlaka ya koo na ya wafalme wa kisiwani yalivyopishana. Hakuna kati ya hayo lililofuata longitudo.

Kutokana na sheria hiyo maelfu ya watu wa Kivu waliokuwa wamepiga kura na kulipa kodi waligeuka wenye mashaka katika nchi yao, na mashaka hayo yalikuwemo katika mapigano ya Masisi ya mwaka 1993. Sheria Na. 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 iliiacha tarehe ya Leopold. Kipimo chake ni makabila ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, yaani tarehe 30 Juni 1960, siku ambayo wazee wengi wa Bwisha waliweza kusema walikuwa wapi.